Kwa Nini Biti za Zamani Hazikuwa na Haraka

Hapo kale, si kale ile ya sungura na fisi bali kale ya juzijuzi, ambayo baadhi ya waliokuwapo bado wanakohoa vumbi lake, biti za hip hop zilikuwa na haraka kupita zote mnazozisikia leo. Pigo lilifukuza pigo, na kati yao hapakuwa na mwanya wa kupitisha hata ukucha. Mchanaji aliingia kwenye biti akikimbia, akatoka akihema, na watu wakasema huo ndio ukali.

Vijana wa sasa wakizisikia biti zilizokuja baadaye, zile tunazoziita za zamani, jinsi zinavyojikokota, jinsi pigo linavyofika nyuma kidogo ya pale lilipongojwa, hucheka. Husema wazee walikuwa wavivu, au mashine zao zilikuwa mbovu. Mashine hazikuwa mbovu kiasi hicho, na uvivu haukuwapo kabisa. Kulikuwa na uchovu, na uchovu si uvivu. Sikilizeni jinsi ulivyoingia.

Katika mji mmoja wa bara, siku hizo, ghorofa lilipandishwa kwa mikono. Zege lilikorogwa chini kwa makoleo, likapakuliwa kwenye makarai, na makarai yakapanda mkono kwa mkono, mtu mmoja kila baada ya hatua mbili, mpaka juu kwa fundi. Wenyewe walikuwa na msemo ambao nanyi mnaujua: zege halilali. Likishakorogwa haliijui kesho. Ukiacha sehemu ya slabu leo ili uimalizie kesho, palepale ulipoachia ndipo patakapopasuka. Kwa hiyo mstari wa makarai haukusimama kwa njaa wala kwa mvua. Siku Mwamvita, mmoja wao, alipopata habari ya msiba wa mama yake, alilia huku anapitisha karai, na aliyekuwa juu yake alipokea karai lenye machozi.

Katika mstari huo alikuwamo msichana aitwaye Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mabega mapana, na macho ya mtu anayedaiwa usingizi. Hatua mbili juu yake alisimama Ndimbo, mwanamume wa arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Ndimbo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupokea karai la Sikudhani na kulipitisha juu. Ya pili ilikuwa kuita.

Kuita ilikuwa desturi ya watu wa zege. Mtu akipitisha makarai mia nne, mikono huendelea lakini akili hulala, na akili ikilala karai humwangukia aliye chini. Kwa hiyo kila mstari ulikuwa na mwitaji. Yeye alimtaja kila mtu kwa jina lake, kwa mistari yenye vina, kwa mzaha, ili aliyetajwa ashtuke na aamke.

"Mwamvita, bi harusi, karai si shada la maua," Ndimbo aliita, "ukilinusa hivyohivyo, saruji itakuua!"

"Niache mie!" Mwamvita akajibu toka chini. "Mtu mwenyewe kifua kama ubao wa kufulia!"

Mstari wote ukacheka, na makarai manane yakapita kabla uchovu haujarudi. Ndimbo alimwita kila mtu isipokuwa mmoja. Mwitaji hakujiita. Ulikuwa mwiko. Walisema mwitaji akitaja jina lake mwenyewe juu ya ngazi, huuita na mkosi ambao haujaalikwa.

Huko ndiko watu wa mji ule walikojifunzia kuchana. Na Sikudhani, aliyesimama karibu kabisa na sauti ile kwa miaka miwili, ndiye aliyeitafutia biti.

Kila Jumapili mchana, baada ya kufua, alikwenda kwenye kibanda cha Fundi Athanasi, mtengeneza redio. Humo mlikuwa na mashine ya ngoma ambayo mwenyewe aliileta kutengenezwa, akahama mji, asirudi tena. Ilikuwa na vitufe vya mpira, kila kimoja na sauti yake: pigo zito la chini, kofi kali, na kengele ndogondogo. Ilikuwa pia na kitufe kimoja chekundu cha pembeni. Kikiwashwa, kila pigo ulilolipiga kwa kidole lilinyooshwa na kuwekwa mahali pake hasa. Sikudhani alikiita timazi, kwa kuwa kilifanya kazi ya ile kamba yenye risasi ambayo fundi hupimia ukuta kama umesimama wima. Fundi Athanasi hakuruhusu kizimwe. "Ukuta usiopimwa timazi," alisema, "jirani akipiga chafya unalala."

Sasa, kosa alilofanya Sikudhani asingelifanya mwashi wala mshona nguo. Lilikuwa kosa la mtu wa zege. Aliogopa nafasi. Kila alipoona mahali patupu katika biti yake, moyo ulimwambia hapo patapasuka. Basi akapajaza. Aliweka kengele juu ya kengele, kofi juu ya kofi, mpaka biti yote ikawa slabu moja isiyo na ufa. Watengenezaji wengine wa mji ule, nao wengi wao watu wa makarai, walifanya vilevile. Ndiyo maana biti zote zilikimbia. Zilitengenezwa na watu walioamini kwamba ukisimama tu, kitu kitavunjika.

Ndimbo naye alikuwa amevuta vumbi la saruji kwa miaka kumi na moja. Mwanzoni alikohoa asubuhi tu. Baadaye alikohoa asubuhi na mchana. Kisha, Alhamisi moja, wakimwaga slabu ya ghorofa ya nne, aliita majina matatu, akafungua mdomo kuita la nne, pumzi isije. Alisimama, mikono imeshika hewa. Sikudhani alikuwa ameinua karai kumpa, na akabaki nalo juu, kilo zake zote zikimshuka mabegani. Chini yake makarai yakasongamana. Mstari ulisimama kwa muda wa mtu kunywa maji, na juu kule fundi akatukana, kwa sababu zege lilikuwa limeanza kushika.

Nyapara wao aliitwa Mbegu. Hakuwa mtu mbaya. Jioni ile alimketisha Ndimbo juu ya rundo la mbao.

"Kaka, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini kifua hicho kipeleke kwenu kikapumzike. Kikizimika hapa juu yangu, nitakwenda kumwambia nini shemeji?"

"Mwambie nililala kazini," Ndimbo alisema.

"Sitanii, kaka."

"Najua hutanii. Mimi ndiye ninayetania."

Walikubaliana asafiri Jumatatu kwa treni ya asubuhi.

Ijumaa ile ililetwa jiwe la kubandikwa kwenye lango la ghorofa. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na limechongwa majina mawili: la mwenye jengo na la mgeni rasmi atakayelizindua. Ndimbo alilisoma taratibu, kidole kikifuata herufi. Alilisoma tena. Kisha akamwambia Sikudhani, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Majina mawili. Na sisi tuliopitia mstari huu ni kumi na wanne."

"Ndivyo mawe yalivyo, kaka."

"Basi nitawaweka kwenye kaseti. Jumapili. Wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mchano mmoja. Redio wana kile kipindi chao cha Jumamosi, Athanasi atawapelekea. Nikishafika kwetu, mdogo wangu, sidhani kama pumzi hii itarudi mjini."

Sikudhani alijua ameombwa biti.

Jumapili mchana walikuwa watatu kibandani, na joto la bati juu yao. Sikudhani alikuwa amebeba makarai Jumamosi kutwa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na alipoketi kwenye mashine alihisi mikono imeachwa mahali fulani njiani. Akaiwasha biti aliyoiandaa, ile kali kuliko zote, isiyo na ufa. Fundi Athanasi akabonyeza kinasa sauti. Ndimbo akaingia.

Alifika jina la sita. Kati ya la sita na la saba biti haikumpa mahali pa kuvuta hewa, na kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Wakarudia. Alifika jina la tano. Wakarudia tena baada ya maji na mapumziko. Jina la nne.

"Punguza majina," Fundi Athanasi alisema kwa upole. "Machupa kwa mfano. Machupa alifanya kazi siku mbili akakimbia na buti za watu."

"Siku mbili alipitisha karai," Ndimbo alisema, akijifuta mdomo. "Nimpunguze yeye, halafu nani? Lusajo aliyeanguka toka ngazini? Yule naye hakumaliza ghorofa."

Fundi akairudisha kaseti mwanzo.

Sikudhani akaipunguza biti mwendo. Alidhani hapo ndipo penye dawa. Lakini biti ya polepole iliyonyooshwa na timazi ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuja kama hatua za askari kwenye veranda. Kila kofi lilifika mahali pake hasa, kwa wakati wake hasa, na Ndimbo alisikika akilikimbilia, akiogopa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa ofisini. Alikwama jina la saba. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, macho yamefumbwa.

"Tuache, mdogo wangu," alisema. "Umechoka, nami nimechoka."

Ni kweli Sikudhani alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka hata asiweze kusimama aende. Akabaki pale, mikono juu ya vitufe, na mwili wake, ambao ulikuwa umepitisha makarai jana kutwa, ukaanza wenyewe kuyumba namna uliyozoea: kuinama, kuinua, kutoa. Kuinama, kuinua, kutoa. Na kila alipofika kwenye kutoa, palikuwa na kitu kidogo ambacho hakuwahi kukifikiria, japo alikifanya mara elfu. Mtoaji hutoa, lakini mpokeaji hapokei papo hapo. Mpokeaji akinyoosha mikono mapema, karai humgonga vidole na zege humwagika. Lazima alingoje. Kati ya mkono unaotoa na mkono unaopokea upo muda mfupi sana, wa kope kushuka, ambao karai halina mwenyewe. Haliko kwa huyu wala kwa yule. Linakuja tu. Na katika muda huo, alikumbuka, ndipo wote wawili huvuta pumzi.

Sikudhani akanyoosha kidole, akazima kile kitufe chekundu.

"We mtoto!" Fundi Athanasi akasema. "Bila timazi biti itaegemea."

"Acha iegemee, baba."

Akaanza kupiga kwa vidole vyake vilivyovimba. Alizitoa kengele zote. Alipiga pigo zito, hilo lilikuwa kutoa, na kisha kofi, hilo lilikuwa kupokea. Kofi halikuja mahali pake. Lilikuja nyuma kidogo, likiwa zito na lenye usingizi, kama mtu anayeinua mikono kwa mara ya mia nne. Fundi alikunja uso. Alisikiliza kidogo. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kwenye gramafoni yake ya zamani akaweka santuri ya dansi, kipande ambacho gitaa linacheza peke yake. Mkanda wa gramafoni ile ulikuwa umelegea miaka mingi, na gitaa likatoka zito na la polepole, kana kwamba limetembea kwa miguu kutoka mbali.

Ndimbo akafumbua macho. Kichwa chake kikaanza kushuka na kupanda.

"Nani huyo anayepokea?" akauliza.

"Ni wewe, kaka," Sikudhani akasema.

Akainuka. Hakuinuka kwa nguvu. Alishika meza, kisha ukuta, kisha kipaza sauti. Fundi akabonyeza kinasa.

Mchano ule haukuwa na makelele. Ndimbo aliongea zaidi kuliko kuimba, kama mtu aliyevua viatu. Alimtaja Mwamvita na karai lake la machozi. Alimtaja Chiduo, mwenye magoti yaliyolia kuliko milango. Alimtaja Nyamizi, aliyepanda na mtoto mgongoni mpaka ghorofa ya pili bila nyapara kujua. Kati ya jina na jina alivuta pumzi, na pumzi ile ilisikika, ikikwaruza, lakini biti haikumwacha. Kila alipochelewa, kofi nalo lilikuwa bado njiani. Alipofika jina la saba kikohozi kilipanda. Sikudhani alikiona kikipanda. Akakizuia kidole chake hewani kidogo zaidi, hata yeye akaogopa, na Ndimbo akameza, akasema: "Lusajo." Kofi likashuka baada ya jina, taratibu.

Jina la nane. La tisa. Alimtaja Machupa, na akaongeza kwamba zile buti zilikuwa zake yeye Ndimbo, na kwamba amemsamehe ila si kwa moyo wote. Fundi Athanasi akafunika mdomo asicheke kwenye kaseti. La kumi. La kumi na moja. La kumi na mbili. Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba, imebaki kama uzi, lakini uzi ule haukukatika. La kumi na tatu lilikuwa Sikudhani. Alimwita kwa upole zaidi ya wote, akasema huyu ndiye anayenipa, mimi ni wa kupokea tu.

Kisha akanyamaza.

Sikudhani hakuacha kupiga. Alimwangalia na kuinua kidevu: bado mmoja. Ndimbo akatikisa kichwa. Sikudhani akaendelea, pigo na kofi, pigo na kofi, akimngoja. Alingoja namna ile mtu anavyongoja karai ambalo hajaliona linakotoka. Ndimbo alisimama tu mbele ya kipaza sauti, mdomo umefumbwa, akitabasamu kwa uchovu. Fundi aliirudisha sindano ya gramafoni, gitaa likazunguka mara ya nne, mara ya tano. Mwishowe kaseti ikaisha, kitufe kikaruka chenyewe.

"Na wewe, kaka?" Sikudhani akamwuliza. "Ulisema wote kumi na wanne."

"Mwitaji hajiiti."

"Hapa si kwenye ngazi!"

"Kifua hiki kinajuaje kama hapa si kwenye ngazi?" Ndimbo akacheka, na safari hii kikohozi hakikuja. "Kesho napanda treni. Unataka niite mkosi njiani? Umenipa nafasi ya watu kumi na watatu. Kabla ya wewe nilikuwa na nafasi ya watu sita. Nimeshukuru, mdogo wangu. Sasa nenda ukalale."

Jumatatu aliondoka. Sikudhani hakumsindikiza, kwa kuwa zege la lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, lilikuwa limeshakorogwa.

Jumamosi redio iliupiga wimbo ule. Watengenezaji wa biti wa mji mzima waliusikia, na wa miji mingine baada yao. Hawakujua habari ya kifua, wala vidole vilivyovimba, wala mkanda uliolegea. Walisikia tu kofi linalokuja nyuma, na gitaa zito, na mahali patupu ambapo mtu anaweza kupumua, na miili yao, iliyokuwa imechoka nayo, ikaitika kabla ya akili. Mmoja akazima timazi yake. Mwingine akazima. Kabla ya mwaka kuisha hapakuwa na aliyeiwasha.

Kama Ndimbo aliusikia huko kwao, hakuna ajuaye. Haikuja barua, na Sikudhani aliendelea kupanda mstari mpaka majengo mengine matatu yalipokwisha. Siku hizi zege hupandishwa kwa bomba na mashine, halipiti mikononi mwa mtu. Na biti nazo hunyooshwa na mashine, kila pigo mahali pake hasa, kwa kuwa aliyeketi kuzitengeneza hajui karai linavyongojwa. Ndiyo maana zimerudia kukimbia.

Na tangu siku hiyo biti za zamani zimekuwa za taratibu, zikiegemea nyuma kama mtu aliyetoka kazini. Na tangu siku hiyo, katika nyimbo hizo, maneno huisha na biti ikabaki ikienda peke yake kwa kitambo kirefu kabla ya kufifia. Wengi hudhani mchanaji ameishiwa mistari. Lakini watu wa mji ule, wakifika mahali hapo, hata kama wako jikoni, hata kama wako njiani na mizigo, hupunguza mwendo kidogo, na kila mmoja kwa sauti yake husema: "Ndimbo."